Eksirei: Kuona Ndani Bila ya Kupasua

Mazungumzo ya Kamati ya Afya na Elimu katika mkutano wa mwaka wa Jumuiya, Bububu



Kila mwaka Kamati yetu hupewa nusu saa kabla ya kuchangishana. Mwaka huu tumeombwa tuzungumzie eksirei, na sababu wengi wenu mnaijua, kwa kuwa mlikuwapo.

Siku ya pili ya Sikukuu, mtoto wa miaka miwili na nusu wa mtaani kwetu alirudi kutoka kiwanjani na kichezeo cha kuwaka taa. Kabla ya Magharibi kichezeo kilikuwa kimefunguka mgongo, na mtoto anatokwa na mate, kila akipewa chakula anakirudisha. Bibi yake alisema ni mafindofindo. Mama yake alisema amemeza shilingi. Jirani akasema ni homa inaanza. Kila mmoja alisema lake, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu anayeweza kutazama ndani ya mtu.

Tukampakia kwenye gari. Mahali pa kwanza mashine ya eksirei ilikuwapo, lakini mpigaji picha hayupo: ni mmoja tu, naye kaenda kwao kula sikukuu. Mahali pa pili mpigaji yupo, umeme hakuna. Mahali pa tatu ndipo mtoto alipopigwa picha, na saa tano zilikuwa zimeshapita. Hatutaji mahali popote, kwani hatukuja hapa kumlaumu mtu. Aliyekwenda kula sikukuu na watoto wake ana haki yake. Tutarudi kwenye picha ile na ilichoonyesha. Kwanza tufahamishane kitu chenyewe ni nini, maana mtu huchangia vizuri zaidi anachokifahamu.

Tuanze na koroboi. Wengi wetu tulikuzwa na koroboi, na usiku tukiweka mikono mbele ya taa tukafanya popo na mbwa ukutani. Kivuli ni mahali ambapo mwanga umezuiwa usifike. Mkono huuzuia wote, kivuli kikawa cheusi. Kanga nyepesi huuzuia nusu, kivuli kikawa hafifu. Kioo cha dirisha hakizuii takriban chochote. Na mfugaji kuku anayemulika yai kwenye taa ili ajue kama lina kifaranga anatumia hesabu hiyo hiyo: ganda linapitisha mwanga, kifaranga hakipitishi.

Eksirei ni mwanga wa ukoo huo huo, ila jicho haliuoni, na nguvu yake ni maelfu ya mara kuliko mwanga wa taa. Kwa mwanga wa namna hiyo, nyama ya mwili wetu ni kama kanga, mfupa ni kama mbao, na risasi ni kama ukuta wa mawe. Basi picha ya eksirei ni kivuli tu. Tofauti ni kwamba rangi zimegeuka: palipopita mionzi mingi panakuwa peusi, palipozuiwa panakuwa peupe. Ndiyo maana mapafu, yaliyojaa hewa, huonekana meusi, na mbavu huonekana nyeupe.

Mtu wa kwanza kuligundua jambo hili ni Wilhelm Conrad Röntgen, mwalimu wa chuo kikuu katika mji wa Würzburg, Ujerumani. Tarehe 8 Novemba 1895 alikuwa akijaribu umeme ndani ya chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Chupa aliifunika kwa karatasi nzito nyeusi, chumba kikawa giza. Hata hivyo ubao uliopakwa dawa maalumu, uliokuwa mbali na chupa, ukaanza kung'ara. Kitu fulani kilikuwa kikitoka kwenye chupa na kupenya karatasi. Hakujua ni nini, akakiita X, kama watoto wetu wa skuli wanavyoandika X katika hesabu mahali pa namba wasiyoijua. Tarehe 22 Disemba alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha. Ikatoka mifupa ya vidole, na katika kidole kimoja pete, kana kwamba inaelea. Mwaka 1901 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa. Na ugunduzi wake hakuukatia hati ya umiliki. Aliuacha watu wote wautumie.

Mashine ya leo ina chupa ile ile, imeboreshwa tu. Upande mmoja kuna uzi mwembamba wa madini ya tangsteni, unaowaka kama uzi wa glopu ya zamani. Ukiwaka hutoa elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme. Nyumbani tunatumia umeme wa volti 230. Humo ndani umeme hupandishwa mpaka baina ya volti 40,000 na 120,000, na nguvu hiyo huzivuta elektroni zikakimbia na kugonga kibamba kilicho upande wa pili. Zinaposimamishwa kwa ghafla, sehemu ya nguvu zake hugeuka eksirei. Sehemu yenyewe ni ndogo: katika mia, kama moja. Tisini na tisa zote huishia kuwa joto.

Hapa tujifunze mambo mawili. La kwanza, mashine hii inahitaji umeme wa uhakika, usiopanda na kushuka. La pili, mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, kama taa inavyozimwa chumba kikawa giza. Hakuna sumu inayobaki ukutani wala kwenye shuka. Wapo mama zetu wanaoogopa kukaa katika chumba kile hata mashine ikiwa imezimwa. Khofu hiyo waiondoe.

Kwa nini mfupa uzuie na nyama isizuie? Kila asili ya kitu ina namba yake kulingana na idadi ya protoni katika chembe zake. Kaboni ni 6, oksijeni ni 8. Hizo ndizo nyama na maji. Kalsiamu ya mfupa ni 20. Risasi ni 82. Namba ikizidi mara mbili tu, uwezo wa kuzuia mionzi huzidi kiasi cha mara nane. Kwa hiyo mfupa hauhitaji kuwa mnene ili uonekane, na fulana yenye risasi ndani yake humkinga mpigaji picha.

Tutoke kidogo mwilini, twende kwenye mizigo. Nyinyi mnaosafiri mnaijua mashine ya uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume. Begi linaingia upande huu, linatokea upande ule, na afisa anatazama kioo chenye rangi. Rangi zile si za vitu vyenyewe. Mashine hupima mionzi ya nguvu mbili tofauti, hulinganisha, kisha kompyuta hupaka rangi: machungwa kwa vitu kama chakula, nguo, karatasi na plastiki, buluu kwa chuma na madini mazito, kijani kwa vilivyo baina ya hivyo. Sasa, ndugu yetu wa Muscat amepakia halua yake kilo tano, imekaa kama tofali. Kwenye kioo ni pande zito la rangi ya machungwa. Baruti nayo imetengenezwa kwa kaboni, oksijeni na naitrojeni, kwa hiyo nayo hutoka machungwa. Afisa akikufungulia kikapu, basi usimdhanie vibaya. Si kwamba ameitamani.

Bandarini iko mashine kubwa zaidi. Kontena ni la chuma, na mionzi ya hospitali haiwezi kulipenya likiwa na shehena. Hutumika mionzi ya volti milioni kadhaa, dereva akateremka, na kontena zima likapigwa picha bila ya kufunguliwa. Lakini tukumbuke jambo lililotokea kwetu. Novemba 2013, katika bandari yetu ya Malindi, lilikamatwa kontena lenye zaidi ya tani mbili za pembe za ndovu, zimefichwa ndani ya magunia ya makombe ya pwani. Tazameni hila ilivyo. Kombe limejaa kalsiamu, na pembe imejaa kalsiamu. Kwenye picha vyote viwili ni vyeupe. Kinachoweza kuvitenganisha ni umbo: hiki kidogo cha mviringo, kile kirefu kilichopinda. Na mashine haiandiki juu ya picha kwamba hii ni pembe. Anayetambua ni mtu aliyefundishwa kutazama.

Tunaomba neno hilo mlishike, kwa kuwa ndilo litakalotufikisha kwenye mchango wa leo: mashine inapiga kivuli, na mtu ndiye anayekisoma.

Turudi mwilini. Mara nyingi mtu wetu akienda kupigwa picha ya kifua huudhika kwa amri anazopewa. Vua, kumbatia ubao, vuta pumzi, usipumue. Kila amri ina sababu yake, na sababu ni ya koroboi. Mkono ukiwa karibu na taa, kivuli chake ukutani huwa kikubwa. Ukiusogeza karibu na ukuta, kivuli hurudi kuwa sawa na mkono. Moyo uko mbele ya kifua. Ukikumbatia ubao, moyo unakuwa karibu na ubao, na kivuli chake kinatoka karibu na ukubwa wake wa kweli. Ukipigwa kwa mgongo, moyo utaonekana mkubwa, na daktari anaweza kukudhania una maradhi usiyokuwa nayo. Kuvuta pumzi kunajaza mapafu hewa ili yawe meusi na kila doa lionekane. Kutopumua ni ili picha isitikisike.

Na kuvua je? Pini ya mtandio huonekana. Mkufu huonekana. Hirizi yenye kasha la fedha huonekana vizuri sana. Hata misuko ya nywele ikianguka mabegani hutia kivuli juu ya ncha za mapafu, na ncha za mapafu ndipo kifua kikuu kinapopenda kukaa. Mtu anaweza kuonekana ana doa la kifua kikuu, kumbe ni nywele zake. Mpigaji picha anayejua kazi atakwambia uzifunge juu. Asiyejua ataziacha, na wewe utakwenda nyumbani na khofu ya bure.

Kwa kifua kikuu picha hii ina faida kubwa, kwani huonyesha mapafu yaliyoanza kuharibika hata kwa mtu ambaye bado hakohoi sana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliruhusu programu za kompyuta zitumike kusoma picha za kifua za watu wa miaka 15 na kuendelea ili kutafuta kifua kikuu. Lakini hata hapo, kompyuta ikishuku, mgonjwa bado hupimwa makohozi. Kivuli ni shahidi, na shahidi huhojiwa.

Yapo pia ambayo eksirei haiyaoni. Kijiti cha mti kilichoingia mguuni mara nyingi hakionekani. Plastiki haionekani vyema. Miiba mingi ya samaki nayo haionekani, na sisi watu wa pwani hili litupate. Ukikwamwa na mwiba, ukapigwa picha, ukaambiwa hakuna kitu, na bado koo linakuchoma, rudi kwa daktari. Ama kipande cha kioo, hicho huonekana takriban kila mara.

Kuhusu madhara, tuseme ukweli bila ya kutisha. Mionzi iko kila mahali, kwenye mawe, udongo na anga, na kila mmoja wetu huipata kila siku. Picha moja ya kifua ni sawa na mionzi ya siku kama kumi za maisha ya kawaida. Kipimo cha CT cha kifua ni zaidi ya hapo kwa makumi ya mara, na ndiyo maana daktari hakuandikii ovyo. Mama mjamzito, au anayehisi huenda ni mjamzito, aseme kabla ya kupigwa. Wala tusimshikilie daktari atupige picha kwa kila kikohozi.

Sasa turudi kwa mtoto wetu.

Picha ilitoka na duara jeupe katika koo, chini kidogo ya shingo. Mama yake aliposema shilingi, watu waliokuwapo walitikisa kichwa, kwani duara ni duara. Lakini aliyekuwa zamu alitazama ukingo. Sarafu ni duara moja, imejaa sawasawa. Hili lilikuwa na duara la pili ndani yake, kama ukingo wa sahani. Akasema, hii si shilingi, hii ni betri ya saa. Hapo hapo akapiga simu.

Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa mno. Mtoto akimeza shilingi na anapumua vizuri, mara nyingi madaktari wanaweza kusubiri, na mara nyingi huteremka yenyewe. Betri ndogo ya bapa ya volti 3, ikikwama kooni, haisubiriwi. Haihitaji kupasuka wala kuvuja. Umeme wake hupita katika utelezi wa koo na kutengeneza magadi makali, ya jinsi ya yale ya kuzibulia mabomba, na kuunguza kunaweza kuanza ndani ya saa mbili. Sisi tulitumia tano.

Mtoto yu hai, alhamdulillahi, na yuko hapa leo, ndiye yule anayekimbia baina ya viti. Lakini koo liliungua. Kwa miezi alikula uji na supu tu, na mpaka leo hurudishwa hospitali kupanuliwa njia ya chakula. Ameshakwenda mara sita. Baba yake ni mvuvi, na kila safari ni siku isiyo na dau baharini.

Kwa hiyo kila mzazi aondoke na haya. Kichezeo, rimoti au saa ambayo mgongo wake haukufungwa kwa skurubu, kiwekwe mbali na mtoto. Mtoto akishukiwa kumeza betri, msimtapishe, na msingoje kuona. Wataalamu wa sumu wa Marekani wanashauri kwamba mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, akiwa anaweza kumeza, apewe vijiko viwili vidogo vya asali kila dakika kumi, visizidi mara sita, wakati anapelekwa hospitali. Asali huchelewesha kuungua. Haiwi badala ya hospitali. Chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Na mkifika mlangoni, tamkeni neno betri kabla ya neno jingine lolote.

Baada ya tukio lile, Kamati ilikaa vikao vitatu. Wengi walitaka tununue mashine. Tulibishana sana, na tunapenda mjue tulivyofikia uamuzi. Mashine ya eksirei haiwekwi kama friji. Inataka chumba chenye kuta za kuzuia mionzi, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na mtu mwenye cheti wa kuiendesha. Na usiku ule mashine hazikukosekana. Tulizikuta mbili kabla ya ile ya tatu. Ya kwanza ilikosa mtu, ya pili ilikosa umeme.

Kuhusu umeme hatuhitaji kukumbushana. Mwaka 2008 tulikaa gizani kama mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 miezi mitatu, waya wa baharini ulipoharibika. Lakini watu walio na nia hawakushindwa. Mwaka 1898, miaka mitatu haijatimia tangu picha ya mkono wa Anna Bertha, daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye Battersby alikuwa na mashine ya eksirei huko Abadieh, kando ya Mto Nile, Sudan. Umeme hakuna. Akafunga baiskeli ya watu wawili kwenye mtambo mdogo wa kuzalisha umeme, askari wakapiga pedali, betri zikajaa, na majeruhi wakapigwa picha jangwani. Ikiwa wao waliweza kwa pedali, sisi kwa sola na betri tunashindwa na nini?

Basi mchango wa mwaka huu ni wa mambo mawili. La kwanza ni ada ya vijana wawili wa Bububu, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, waliofaulu masomo ya sayansi na wanaotaka kusomea upigaji na usomaji wa picha za hospitali. Maombi yao yamo mezani, nafasi wanazo, ada hawana. Wameandika mkono kwamba wakimaliza watafanya kazi Unguja. La pili ni betri na sola kwa kituo kitakachokubali kushirikiana nasi, ili umeme ukikatika mashine isilale.

Tunajua udhaifu wa ombi letu. Mashine mtu huipiga picha ya ukumbusho, huiandika jina la marehemu wake. Ada ya chuo haina utepe wa kukata. Itachukua miaka mitatu kabla hamjaona kitu, na huenda kijana mmoja akaona mshahara wa Muscat mtamu kuliko wa hapa. Yote hayo tuliyasema vikaoni. Lakini usiku ule tulichokihitaji ni mtu mmoja zaidi, aliyefundishwa, aliyeko zamu.

Wazee wetu wanatuhadithia kwamba maji ya chemchemi za huku kwetu ndiyo Sultani Barghash aliyoyapeleka mjini kwa mabomba, na watu wa mji wakayanywa bila ya kujua yametoka wapi. Huduma njema huenda hivyo. Siku moja mama fulani, asiyetujua, atafika usiku na mtoto wake, atamkuta kijana wetu yuko zamu na taa inawaka. Saa mbili hazitakuwa zimepita.

Makopo ya michango yanapita kuanzia sasa, na mweka hazina yuko meza ya kulia kwa ajili ya ahadi. Shilingi elfu moja kwa wiki kwa kila nyumba inatosha kutuanzishia. Mwenye zaidi atoe zaidi, asiye nacho atuombee dua.